Idadi ya Watu na Milango ya Kutokea: Ukokotoaji wa Usalama wa Majengo ya Ofisi katika Jiji la Mbarara na Makazi ya Wakimbizi ya Nakivale

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna idadi ya watu wanaotarajiwa kuwamo ndani ya jengo la ofisi inavyokokotolewa, na namna idadi hiyo inavyoamua wingi, upana na mahali pa milango ya kutokea wakati wa dharura. Mifano imejengwa juu ya mazingira mawili ya kusini-magharibi mwa Uganda: majengo ya ghorofa yenye ofisi za kupangisha jijini Mbarara, na ofisi za kuhudumia wakimbizi katika makazi ya Nakivale, Wilaya ya Isingiro. Hoja kuu ni kwamba vigawo vya eneo vilivyowekwa kwa ajili ya ofisi huhesabu watu wanaokaa mezani, ilhali katika mazingira haya walio wengi ni wale wanaosubiri huduma. Jengo likikokotolewa kwa jina lake badala ya matumizi yake, idadi inayopatikana huweza kuwa sehemu ndogo tu ya watu waliomo, na mlango mmoja ukaonekana kutosha mahali ambapo miwili haitoshi. Makala yanapendekeza ukokotoaji unaofuata matumizi halisi, hesabu ya watu katika saa ya msongamano, na ubandikaji wa idadi ya juu inayoruhusiwa kwa lugha ambazo watumiaji wanazielewa.

Istilahi za msingi: idadi ya watumiaji, kigawo cha eneo, mlango wa kutokea, msongamano, Nakivale, Mbarara

1.0 Utangulizi

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Yalianza mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchi yao walipopokelewa katika eneo hilo la Ankole. Leo makazi hayo yana ukubwa wa takriban kilomita za mraba 185 na yanahifadhi zaidi ya watu laki moja kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Usimamizi wake uko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa kushirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) na mashirika mengine. Mji mkubwa wa karibu ni Mbarara, uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020. Humo kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichoanzishwa mwaka 1989, na majengo mengi ya biashara ambayo ghorofa zake za juu hupangishwa kuwa ofisi.

Mahali hapa pawili panatofautiana kwa sura. Mbarara jengo hupanda juu. Nakivale ofisi nyingi ni za chini, zikiwa za matofali na mabati au za vifaa vya muda. Hata hivyo panaunganishwa na swali moja ambalo mpangaji, mhandisi na msimamizi wa huduma hulazimika kulijibu kabla mlango haujafunguliwa asubuhi: je, watu wote waliomo humu wakilazimika kutoka kwa pamoja, watatoka kwa muda gani na kupitia wapi?

Uganda ina chombo cha kisheria cha kulisimamia swali hili. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 iliunda Bodi ya Taifa ya Mapitio ya Majengo pamoja na kamati za majengo katika serikali za mitaa, na inadai kibali cha kujenga pamoja na kibali cha kulitumia jengo lililokamilika. Makala haya hayachukui nafasi ya kanuni zinazotokana na sheria hiyo. Yanaeleza hesabu iliyo nyuma ya kanuni za aina hiyo, kwa kutumia viwango vya Uingereza na Marekani vinavyorejelewa mara nyingi na wahandisi wa ukanda huu, ili mshauri wa sera aweze kuona nambari hizo zinatoka wapi na zinakoma wapi.

2.0 Chimbuko la hesabu

Kanuni za milango ya kutokea ziliandikwa baada ya maafa. Tarehe 25 Machi 1911 moto uliwaka katika kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York, katika ghorofa za juu za jengo la ghorofa 10. Watu 146 walikufa, wengi wao wanawake vijana wahamiaji. Mlango mmoja wa kuelekea kwenye ngazi ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Miaka miwili baadaye Chama cha Taifa cha Kukinga Moto cha Marekani (NFPA) kiliunda kamati ya usalama wa maisha, na mwaka 1927 kikachapisha kanuni za milango ya kutokea ambazo ndizo mzazi wa Kanuni ya Usalama wa Maisha inayotumika hadi sasa.

Mwaka huohuo wa 1911, jumba la maonyesho la Empire Palace mjini Edinburgh liliwaka moto likiwa na watazamaji wapatao 3,000. Watazamaji walitoka salama, na muda waliotumia hutajwa kuwa takriban dakika 2 na nusu. Muda huo huhusishwa na kipimo kilichoingia baadaye katika utaratibu wa Uingereza: watu walio katika chumba au ghorofa wawe wamekwisha kuipita milango ya kutokea ndani ya dakika 2 na nusu.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu zake. Tarehe 26 Machi 2001 wanafunzi 67 walikufa katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwezi Aprili 2008 bweni la Shule ya Msingi ya Budo nchini Uganda liliteketea na kuua watu wapatao 20, wengi wao wasichana wadogo. Katika usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, watu wasiopungua 9 walikufa kwa kukanyagana na kukosa hewa katika jengo la maduka la Freedom City jijini Kampala, pale umati ulipokimbilia njia nyembamba ili kutazama fataki. Tukio hili la mwisho lina funzo la pekee: hapakuwa na moto. Umati, njia nyembamba na sababu ya kuharakisha vilitosha kuua.

3.0 Misingi ya ukokotoaji

3.1 Eneo na kigawo

Idadi ya watumiaji ni idadi ya juu ya watu ambao jengo, ghorofa au chumba kinatarajiwa kuwa nao kwa wakati mmoja. Hupatikana kwa kugawanya eneo la sakafu kwa kigawo, yaani mita za mraba anazokadiriwa kuzitumia mtu mmoja katika shughuli fulani. Sehemu ya mtu hupandishwa kuwa mtu mzima. Ikiwa hesabu nyingine inayoaminika, kama vile idadi ya viti vilivyofungwa sakafuni, inatoa idadi kubwa zaidi, hiyo iliyo kubwa ndiyo inayofuatwa.

Jedwali 1 linaonesha baadhi ya vigawo kutoka katika mwongozo wa Uingereza ujulikanao kama Waraka Ulioidhinishwa B.

Jedwali 1: Vigawo vya eneo kwa shughuli mbalimbali

| Shughuli | Mita za mraba kwa mtu mmoja |
|---|---|
| Ofisi | 6.0 |
| Chumba cha mkutano au cha kungojea | 1.0 |
| Eneo la foleni | 0.7 |
| Ukumbi wa mkusanyiko | 0.5 |
| Eneo la watazamaji waliosimama | 0.3 |

Vigawo si kanuni za maumbile. Ni picha ya jamii iliyovipima. Kwa miaka mingi kanuni za Marekani zilimpa mtu wa ofisini mita za mraba 9.3 za eneo jumla. Katika matoleo ya mwaka 2018 kigawo hicho kilipandishwa hadi takriban mita za mraba 14, baada ya tafiti kuonesha kwamba ofisi za huko zilikuwa na watu wachache kuliko ilivyodhaniwa. Mabadiliko hayo yana mantiki pale yalipofanyika. Kuyahamishia Mbarara bila kupima ni kudhani kwamba mawakili watatu wanaogawana chumba kimoja pamoja na katibu wao na wateja wao wanakaa kama wanavyokaa wafanyakazi wa Chicago.

Ni muhimu pia kutofautisha kigawo cha usalama na kiwango cha makazi. Wahudumu wa misaada wamezoea kiwango cha Sphere cha mita za mraba 3.5 kwa mtu ndani ya nyumba. Kiwango hicho kinaeleza nafasi ambayo mtu anastahili kupata. Kigawo cha eneo kinaeleza wingi wa watu ambao mlango lazima uweze kuwatoa. Cha kwanza ni haki ya mtu, cha pili ni dhana ya hali mbaya inayowezekana. Kuvichanganya huzaa milango michache kupita kiasi.

3.2 Idadi ya milango

Idadi ya watu ikijulikana, idadi ya milango hufuata. Kwa utaratibu wa Uingereza, watu hadi 60 huweza kutumia mlango mmoja wa kutokea, watu 61 hadi 600 wanahitaji angalau miwili, na zaidi ya 600 wanahitaji angalau mitatu. Kwa utaratibu wa Marekani, chumba cha ofisi chenye watu zaidi ya 49 kwa kawaida huhitaji milango miwili. Ghorofa yenye watu 501 hadi 1,000 huhitaji mitatu, na inayozidi hapo huhitaji minne.

Sababu ya kudai mlango wa pili ni rahisi: moto unaweza kuwa mbele ya ule wa kwanza. Kwa hiyo milango miwili iliyo ubavu kwa ubavu kwenye ukuta mmoja huhesabiwa kama mmoja. Kanuni za Marekani hudai milango miwili itenganishwe kwa umbali usiopungua nusu ya mshazari mrefu zaidi wa chumba, au theluthi moja ikiwa jengo lina mfumo wa kunyunyiza maji wenyewe. Chumba cha mita 12 kwa 8 kina mshazari wa takriban mita 14.4, milango yake basi itengane kwa mita 7.2 au zaidi.

3.3 Upana

Upana hutokana na mwendo wa watu. Ikichukuliwa kwamba mlango wenye upana wa mita moja hupitisha watu 80 kwa dakika, basi katika dakika 2 na nusu utapitisha watu 200. Mita moja ikigawanywa kwa watu 200 hutoa milimita 5 kwa kila mtu. Hicho ndicho kipimo cha Uingereza kwa watu zaidi ya 220. Kwa idadi ndogo zaidi, mwongozo huweka ngazi za upana: milimita 750 kwa watu hadi 60, milimita 850 kwa watu hadi 110, na milimita 1,050 kwa watu hadi 220. Marekani nayo hutumia takriban milimita 5 kwa mtu katika milango na milimita 7.6 katika ngazi, kwa kuwa mtu anayeshuka ngazi huenda polepole zaidi.

Tofauti iliyopo kati ya taratibu hizi mbili ni namna ya kuushughulikia mlango uliozibwa na moto. Uingereza humtaka msanifu auondoe kabisa katika hesabu mlango mmoja, ule mkubwa zaidi, kisha ahakikishe kwamba iliyobaki inawatosha watu wote. Marekani hutaka upotevu wa mlango mmoja usipunguze uwezo wa jumla chini ya nusu. Kwa jengo lenye milango miwili tu, utaratibu wa Uingereza ndio mkali zaidi, na ndio unaotumika katika mifano ifuatayo.

3.4 Umbali na uelekeo

Katika ofisi, mwongozo wa Uingereza huruhusu mtu atembee hadi mita 18 pale penye uelekeo mmoja tu wa kutokea, na hadi mita 45 pale penye zaidi ya mmoja. Mlango unaotarajiwa kutumiwa na watu zaidi ya 60 hufunguka kuelekea nje. Sharti hili hudharauliwa kwa urahisi, lakini mlango unaofunguka kwa ndani hufungwa na miili ya watu wanaousukuma.

4.0 Mfano wa kwanza: jengo la ghorofa Mbarara

Tuchukue jengo la kufikirika, la aina inayozoeleka katika miji ya Uganda: maduka chini, na juu yake ghorofa tatu za ofisi, kila moja ikiwa na mita za mraba 420 zinazopangishwa. Kwa kurahisisha, tofauti kati ya eneo jumla na eneo halisi haitazingatiwa hapa.

Kwa kigawo cha Uingereza, kila ghorofa ina watu 420 ÷ 6 = 70. Kwa kigawo cha zamani cha Marekani ina watu 46, na kwa kipya ina watu 30. Sakafu ni ileile, lakini kigawo kimoja kinadai ngazi mbili na vingine viwili vinaiacha idadi chini ya kizingiti cha watu 49. Uchaguzi wa kigawo, basi, si jambo dogo la kiufundi. Ndio unaoamua kama ngazi ya pili itajengwa.

Hesabu hii ingali inadhani kwamba ghorofa zote ni ofisi kweli. Katika miji inayokua, mpangaji wa ghorofa ya juu huwa chama cha akiba na mikopo, chuo kidogo cha kompyuta, au ukumbi wa semina na ibada. Tuseme ghorofa moja imegawanywa: mita za mraba 270 zimebaki ofisi na 150 zimekuwa ukumbi wa mikutano. Watu wa ofisi ni 270 ÷ 6 = 45. Watu wa ukumbi ni 150 ÷ 1 = 150. Jumla ni 195, karibu mara tatu ya idadi ya awali, bila ya tofali moja kuongezwa.

Matokeo yake kwa milango ni haya. Ikiwa ghorofa ina ngazi moja tu, watu wake hawapaswi kuzidi 60. Ofisi zikichukua 45, ukumbi wa mita za mraba 150 unaruhusiwa watu 15. Ikiwa kuna ngazi mbili zenye milango ya milimita 900, mlango mmoja ukiondolewa katika hesabu unabaki mmoja wenye uwezo wa watu 110, na ukumbi unaruhusiwa watu 65. Ili ukumbi ujae watu 150, kila mlango unahitaji milimita 1,050, na ngazi zenyewe zilingane na idadi hiyo. Mwenye jengo huweza kuchagua lolote kati ya matatu haya. Asichoweza ni kupangisha ukumbi wa watu 150 kwa ngazi ya watu 60.

Watu wa ghorofa tatu wakitoka kwa pamoja ni 195 + 70 + 70 = 335. Njia za mwisho za kutokea chini zinahitaji basi upana wa angalau milimita 1,675 kwa ajili yao pekee, kabla ya kuwahesabu wateja wa maduka. Hapa ndipo ngazi nzuri huharibiwa na ushoroba wake: bidhaa zikitundikwa pande zote mbili, upana unaohesabika ni ule uliobaki katikati, si ule ulio kwenye mchoro. Vilevile, maduka yakifunga jioni na mlango wa chuma wa kukunja ukashushwa ilhali darasa la usiku au ibada inaendelea juu, idadi ya milango ya kutokea kwa saa hizo ni sifuri.

5.0 Mfano wa pili: ofisi ya huduma Nakivale

Ofisi ya huduma katika makazi ya wakimbizi ina sifa inayoitofautisha na ofisi ya kupangisha: watu wake walio wengi hawana meza. Usajili, uhakiki wa alama za vidole, ushauri wa kisheria na malipo vyote huwaleta watu wengi mahali pamoja kwa saa chache. Zoezi la uhakiki lililoendeshwa nchini kote mwaka 2018 na Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na UNHCR liliwahitaji watu wafike wenyewe. Kazi ya aina hiyo haiwezi kufanywa kwa barua.

Tuchukue jengo la kufikirika la chumba kimoja, mita 12 kwa 8, yaani mita za mraba 96. Likisomwa kwa jina lililoandikwa mlangoni, ni ofisi: 96 ÷ 6 = watu 16. Mlango mmoja unatosha.

Likisomwa kwa matumizi, lina sehemu mbili. Mita za mraba 36 ni za meza: watu 6. Mita za mraba 60 ni za foleni: 60 ÷ 0.7 = 85.7, yaani watu 86. Jumla ni 92. Milango miwili inahitajika, ikiwa imetenganishwa, ikifunguka kwa nje, na kila mmoja ukiwa na upana usiopungua milimita 850 ili mmoja ukizibwa mwingine uwatoe wote.

Likisomwa kwa siku ya mvua, pale waliokuwa nje wanapoingia ndani na kusimama wakibanana, kigawo hushuka hadi 0.3: watu 200 katika sehemu ya foleni, na 206 kwa jumla. Mlango wa milimita 850 hupitisha watu 68 kwa dakika. Watu 206 wangehitaji dakika 3, zaidi ya muda uliowekwa. Mlango wa milimita 1,050 hupitisha watu 84 kwa dakika na kuwatoa wote kwa takriban dakika 2.45. Tofauti ya milimita 200 za fremu ndiyo inayotenga hali inayokubalika na isiyokubalika.

Hesabu zote tatu, 16, 92 na 206, ni sahihi kwa kadiri ya dhana zake. Kilicho hatari ni kuidhinisha jengo kwa ya kwanza na kulitumia kwa ya tatu.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo hesabu ya Nakivale inapaswa kuyabeba. La kwanza ni kaya. Msimamizi huhesabu namba za foleni alizogawa, lakini namba moja mara nyingi ni ya familia nzima, na cheti cha familia huorodhesha watu wote wa kaya. Namba 40 zikiwa za kaya zenye watu watano watano ni watu 200. Mtoto aliye mgongoni hahitaji upana wake mwenyewe mlangoni, lakini mama aliyembeba haendi kwa kasi ya watu 80 kwa dakika. Na mtoto anayetembea huhesabiwa kama mtu kamili.

La pili ni ua. Mtu akitoka mlangoni hajawa salama mpaka afike mahali pa wazi. Ofisi nyingi za huduma huzungushiwa uzio, na foleni ya nje husimama mbele ya mlango uleule ambao wa ndani wanautegemea. Ikiwa watu 500 wanangoja uani na 92 wamo ndani, jumla ni 592. Kwa milimita 5 kila mmoja, malango yanahitaji upana wa milimita 2,960, lango kubwa zaidi likiwa limekwisha kuondolewa katika hesabu. Ua wenye lango moja la magari la mita 3 haukidhi sharti hilo, hata kama lango hilo ni pana. Unahitaji lango la pili, upande mwingine, na foleni ipangwe isiuzibe mlango wowote wa jengo.

6.0 Mipaka ya hesabu

Nambari hukoma mahali ambapo kufuli huanza. Mlango uliofungwa kwa ufunguo ulio mfukoni mwa askari aliyekwenda kula si mlango. Wasimamizi wanazo sababu za kufunga: wizi, watu kuruka foleni, na usalama wa nyaraka. Sababu hizo ni za kweli na haziondolewi kwa kukaripia. Huondolewa kwa komeo linalofunguka kutoka ndani kwa kusukumwa au kugeuzwa bila ufunguo, huku likibaki limefungwa kwa aliye nje. Vilevile dirisha lenye nondo zilizochomelewa halihesabiwi popote. Lenye nondo za kufunguka kutoka ndani angalau hutoa nafasi ya pili.

Kasi ya watu 80 kwa dakika inadhani watu wazima wenye miguu mizima. Uganda ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020, na miongoni mwa wakimbizi wamo waliojeruhiwa vitani, wazee na wajawazito. Mlango wa pili wenye vidato vitatu bila mteremko ni mlango wa kutokea kwa baadhi tu. Katika hesabu ya ghorofa za Mbarara, mtu asiyeweza kushuka ngazi anahitaji mahali pa kungojea palipokingwa na moto, na mtu aliyepewa jukumu la kumshusha.

Lugha nayo ni sehemu ya njia. Kiswahili ni lugha ya mawasiliano kwa Wakongo, Warundi na wengine wengi wa Nakivale, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia kuwa lugha rasmi. Hata hivyo wapo wasemaji wa Kisomali, Kiamhari na Kitigrinya wasiokijua, na wapo wasiosoma lugha yoyote. Alama ya kijani ya mtu anayekimbilia mlangoni, iliyobuniwa Japani na kukubaliwa kimataifa, huwafikia wote. Maandishi ya Kiswahili chini yake yaseme jambo moja kwa uwazi: MLANGO WA KUTOKEA. Tangazo la idadi ya juu nalo liwe fupi: CHUMBA HIKI: WATU 92, MWISHO.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na ufafanuzi huu, makala yanapendekeza mambo matano.

Kwanza, kamati za majengo ziidhinishe kila chumba kwa matumizi yake, na kibali cha matumizi kitaje idadi ya watu. Mpangaji akibadilisha ofisi kuwa ukumbi au darasa, hesabu irudiwe kabla hajaingia.

Pili, ofisi yoyote inayohudumia umma itenganishe katika mchoro eneo la meza na eneo la foleni, na la pili lisipewe kamwe kigawo cha ofisi.

Tatu, vigawo vya ndani ya nchi vitafutwe kwa kupima. Hesabu ya watu kwa kila nusu saa, kwa majuma mawili, katika ofisi kadhaa za Mbarara na Nakivale, ni kazi ambayo wanafunzi wa chuo kikuu wanaweza kuifanya kwa gharama ndogo, na ingeipa Bodi ushahidi ambao hauwezi kuagizwa kutoka nje.

Nne, Wilaya ya Isingiro na Ofisi ya Waziri Mkuu zikubaliane kwa maandishi nani anakagua majengo ya huduma ndani ya makazi, yakiwamo ya muda. Jengo la muda huwaka kama la kudumu, na mara nyingi haraka zaidi.

Tano, mahali ambapo mlango wa pili hauwezi kujengwa mara moja, idadi ipunguzwe mara moja: namba za foleni zitolewe kwa saa, zihesabu watu badala ya kaya, na kivuli kijengwe uani ili mvua na jua visiwasukume watu ndani. Paa la kivuli ni nafuu kuliko ukuta mpya, na linashusha idadi iliyo ndani kutoka 206 kurudi 92.

8.0 Hitimisho

Hesabu ya watu na milango ni kugawanya, kuzidisha na kulinganisha. Haihitaji zaidi ya futi kamba na kalamu. Ugumu wake umo katika kukiri chumba kinatumikaje. Mbarara, ukweli huo hufichwa na mkataba wa upangaji unaosema ofisi pale penye ukumbi. Nakivale, hufichwa na kibao cha mlangoni kinachowahesabu watumishi 6 na kuwasahau watu 86 waliosimama mbele yao. Watu hao wamefika hapo kwa sababu hawana ofisi nyingine ya kwenda, na wengi wao wameshakimbia hatari mara moja. Hesabu ya milango ianze nao.